Betri Mbili za Gari la Matangazo

Soma hii mpaka mwisho kabla hujamtumia mtu. Na kama una gari na una mke, soma mara mbili, maana mimi nimechoka kuwaeleza watu kwa mdomo.

Palikuwa na bwana mmoja aitwaye Shekalaghe, mwenye gari la matangazo. Mnayajua hayo magari: pikapu imebebeshwa spika kubwa kama makabati, leo inatangaza mkutano, kesho msiba, keshokutwa iko harusini. Spika zile zilikuwa zinakunywa betri mpaka gari linagoma kuwaka. Na gari lenyewe otomatiki, hata mtaa mzima usukume, haliwaki ng'o.

Mkewe, Mwanaheri, alipokaribia kujifungua, alimwambia wazi, "Mume wangu, mimi sitaki kufia barazani nikisubiri gari liwake." Hakuwa anatania. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika.

Basi akaitwa Kanju, kaka yake Mwanaheri, fundi umeme wa magari. Akafunga betri ya pili, na katikati ya hizo betri akaweka kidude cha kuzitenganisha injini ikizimwa.

"Shemeji, nisikilize," Kanju alisema. "Hii ni ya spika. Itumie mpaka ife, shauri yako. Ile ni ya kuwashia gari. Ile ni ya dada yangu. Usiiguse."

"Aa, shemeji, kwani mimi mtoto?"

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Mtoto angesikia!

Jumamosi ikafika, harusi kwa jirani. Shekalaghe akaegesha gari karibu na turubai, akaambiwa moshi unawaingia wageni, akazima injini. Sawa, hapo simlaumu. Muziki ukapigwa tangu asubuhi. Mchana, maharusi ndiyo kwanza wanaingia, sauti ikaanza kufifia.

Shangazi wa bibi harusi akamjia juu. "Hee! Hizo spika zina kwikwi? Unatuaibisha mbele ya wakwe!"

Angeweza kusema, "Samahanini, naomba nilisogeze gari pale, niwashe injini." Basi, yaishe. Lakini wapi! Bwana mkubwa akatafuta waya mnene, akakikwepa kile kidude, akaziunganisha betri zote mbili.

Muziki ukarudi kwa kishindo. Vigelegele! Shangazi akamfunga khanga kiunoni, naye akacheza mpaka shati likalowa. Nyumba ya pili tu kutoka hapo, mkewe alikuwa ameshika ukuta, uchungu umeanza.

Akaja ameshikiliwa na jirani, akaingizwa garini. Shekalaghe akazungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik. Spika nazo kimya.

Wanaume wakaanza kusukuma. Jamani! Nimeshasema gari ni otomatiki, na wao wanajua ni otomatiki, lakini wanasukuma tu, "Moja, mbili, twende!" huku mwanamke analia ndani.

Jirani akampigia Kanju. Kanju akafika na guta la kubebea maji, yale ya pikipiki ya magurudumu matatu, akafungua boneti, akauona ule waya.

"Umeunga?"

"Shemeji, niliunga kidogo tu."

Kidogo tu! Haya, tuendelee, maana nikisimama hapa nitatukana.

Wakatandika godoro kwenye guta. Wakiwa wanamteremsha Mwanaheri, yule shangazi akatokea anakuja mbio. Shekalaghe akashusha pumzi, akadhani mama wa watu amekuja kusaidia, maana mwanamke mwenzake yuko katika hali ile mbele ya wanaume.

Shangazi akafika, akamshika bega. "Shekalaghe, mbona muziki umekatika? Keki bado!"

Shekalaghe akamwacha pale pale. Akapanda nyuma ya guta, akamshika mkewe mkono. Mwanaheri akautoa mkono wake.

Mungu ni mwema, walifika kituo cha afya wakiwa wamechelewa lakini hawajachelewa sana. Mtoto alizaliwa amechoka, hakulia. Wauguzi wakahangaika naye, wakahangaika, mpaka akalia. Mtoto wa kike.

Baadaye muuguzi akachukua kalamu, akauliza, "Baba wa mtoto yuko wapi?"

Shekalaghe alikuwa amesimama pale pale mlangoni, macho mekundu. Mwanaheri akamtazama vizuri, kisha akamgeukia muuguzi.

"Yuko harusini," akasema.

Mtumie huyo uliyemkumbuka ulipokuwa unasoma. Usimwambie kwa nini umemtumia.

Funzo: Ulichowawekea watu wa nyumbani kwako, usikiguse ili ushangiliwe na watu wa nje, maana siku ya shida yako wao watauliza muziki tu.