Beri Zilizokataa Kunyamaza

“Ni nani aliyekula beri za wazazi?”

Binti Naelijwa aliuliza hivyo mbele ya baraza zima. Kila mzee alitazama vidole vyake vya miguu kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

Enzi hizo beri zilikuwa nyeupe kama mchele, na mtu akizila hazikumwachia alama. Zilizaa upande wa kaskazini wa mlima tu, ambako sakitu, ile baridi inayoganda juu ya majani, iliua migomba na mahindi yakadumaa. Wala hazikuzaa zenyewe, msidanganywe! Ni wanawake waliogundua kwamba majivu, yanayonenepesha migomba ya bondeni, huziua beri. Kwamba zinachotaka shinani ni majani ya mwerezi yaliyooza. Ni wanawake waliodamka kuzifunika kwa nyasi, baridi ikiwapasua vidole. Wanaume walikuwa wapi? Barazani, wakiota moto.

Desturi ilikuwa moja: kikapu cha mchumo wa kwanza ni cha wazazi, yaani wanawake waliojifungua, maana msimu wa baridi hapakuwa na kingine cha kuwarudishia damu. Kikapu hutundikwa katika ghala la wazee, na wazee ndio walinzi. Mwaka ule Nambua, wifi yake Naelijwa, alikuwa na mtoto wa siku tisa na maziwa yamemkauka. Mtoto alilia bila sauti. Naelijwa akaenda ghalani kuchukua beri, akakuta vikonyo vitupu; ndipo akasimama barazani kuuliza.

“Mzee Sekiete,” akasema, “komeo la ghala unalo wewe.”

“Ni ndege, mwanangu. Ndege wa siku hizi hawana adabu.”

“Ndege gani huyo, mzee, anayefungua komeo, anakula, anashiba, kisha anarudishia mlango?”

Wanawake wakaangua kicheko. Sekiete akakunja uso. “Binti mwenye mdomo mrefu haolewi.”

“Na mzee mwenye mdomo mrefu ndiye anayefika kikapuni!”

Basi baraza likaamua kama mabaraza yanavyoamua: aliyeuliza ndiye akaadhibiwa. Akachume mchumo wa pili peke yake, ajaze kikapu kingine, akitundike ghala lilelile.

Akaenda. Sakitu ilikuwa nene asubuhi hiyo. Alichuma mpaka kucha zikawa zambarau na ngozi ya mikono ikapauka. Kilichomtia joto ni hasira.

“Nimewafunika ninyi kabla ya kujifunika mimi,” aliviambia vichaka. “Mmeona kila kitu. Mtanyamaza mpaka lini?”

Papo hapo beri aliyoigusa ikageuka zambarau kama kucha zake, juu ikavaa weupe uliopauka kama ngozi yake. Ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Konzi moja ya beri hizo alimpelekea Nambua kwanza. Alipouona ulimi wa wifi yake, akatabasamu. Kisha akakifunika kikapu kwa majani, akakitundika ghalani kimya kimya.

Kesho yake kikapu kilikuwa kitupu. Baraza likaketi, Naelijwa akauliza swali lake lilelile, neno kwa neno.

“Si nilikwambia ni nde…” Sekiete hakumaliza. Ulimi wake ulikuwa zambarau mpaka kwenye ufizi. Kando yake, wazee wanne wakafumba midomo kwa mpigo.

“Kumbe ndege wetu ana mvi!” akapaza sauti bibi mmoja.

Siku hiyohiyo komeo likahamia kwa wanawake. Wakachuma tena, Nambua akala haki yake, na siku ya tatu mtoto wake alilia kwa sauti iliyofika barazani.

Kuanzia hapo beri hazijarudia weupe wake. Ule unga mweupe unaoupangusa juu ya ganda kabla ya kula ni mikono ya wanawake iliyopaukia shambani. Na upande ule wa mlima, anayetaka kusema barazani juu ya chakula cha wengine huonyesha ulimi kwanza.

Nawe unayesikiliza, kabla hujatuambia ni ndege, tunakuomba: toa ulimi tuuone.