Uzena

Sogeeni, mnisaidie, maana mimi hukumu hii imenishinda.

Katika mtaa mmoja wa Pangani waliishi majirani watatu. Rukia alijua kusimulia. Akieleza harusi, hata aliyehudhuria huona alikosa mengi. Shamte, kinyozi, alijua kuyapa mambo majina, na jina lake likishaganda halibanduki. Tausi alijua kutunza siri.

Mchana mmoja jirani yao Zena alikuwa akioga uani. Akasikia mtoto analia nyumbani kwa Tausi, na moshi unatoka dirishani. Hakutafuta kanga. Alivuka njia uchi, povu mwilini, akavunja mlango, akamtoa Idi, mtoto mchanga wa Tausi, motoni.

Rukia aliona yote. Lakini alipokwenda kusimulia, moto aliuacha, kwa sababu watu walicheka zaidi bila moto.

Shamte aliipata habari huku ananyoa. Akasema kukosa haya kwa namna ile kuitwe uzena. Wateja wakaondoka na neno hilo. Haukupita muda, kila aliyejifunua ovyo au kutukana matusi ya nguoni aliambiwa ana uzena.

Tausi alikuwa amemfungia mtoto ndani, akaenda kusukwa. Alimwendea Zena akilia: “Ukisema, mume wangu ataniacha.” Zena akanyamaza. Mwishowe akahama mji.

Miaka ikapita. Idi, sasa kijana, akatoka bafuni mbele ya wageni na taulo limelegea. Mama yake akamkemea aache uzena.

“Uzena maana yake nini, mama?”

Tausi akakaa chini. Wageni walipoondoka akamweleza Idi kila kitu. Kesho yake akawafuata Rukia na Shamte. Hawakuhitaji kusihiwa, wote wakaenda kwa Zena, Muheza.

Zena hakufungua. Akasema kutoka ndani, “Nimechoka. Aingie mmoja tu, yule ambaye bila yeye jina langu lingebaki langu.”

Rukia akasema ni yeye, maana wengine walipokea alichowapa. Shamte akakataa: umbea husahaulika, neno ndilo lililobaki. Tausi alisema kwa sauti ndogo, “Nyinyi mlimkosea jirani. Mimi nilimkosea aliyeniokolea mwanangu.”

Lakini mkono wa kugusa mlango haukupatikana.

Je, wewe unayenisikiliza, ungemwambia nani abishe hodi?