Prufu ya Tatu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, kalamu nyekundu ilianguka sakafuni katika chumba cha wasoma prufu, zile kurasa za majaribio zinazokaguliwa kabla kitabu hakijapigwa chapa, na mwenyewe hakuinama kuiokota. Wenzake wawili waliokuwamo walidhani anafikiri. Alikuwa na desturi ya kuganda hivyo, kidole juu ya mstari, mpaka aridhike. Zilipita dakika tatu ndipo mmoja wao akaona kwamba mdomo wake umekwenda upande.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Mshipa wa damu ulikuwa umempasuka ubongoni.

Wahenga waliposema ngoja ngoja huumiza matumbo, hawakutaja matumbo ya nani. Wengi hudhani kwamba anayengoja ndiye anayeumia. Kisa cha msoma prufu huyu kinaonyesha kwamba anayengoja anaweza asihisi lolote, na maumivu yote yakawaangukia waliomzunguka.

Katika kiwanda chao cha kupiga chapa palikuwa na kanuni moja iliyobandikwa juu ya mlango: hakuna ukurasa utakaotiwa saini kabla ya kusomwa mara tatu, katika siku tatu tofauti. Kanuni hiyo ilizaliwa mwaka ambao vitabu elfu kumi vya shule vilitoka na sura ya nne mara mbili, na ya tano haipo. Wafanyakazi wengine waliitii shingo upande. Yeye aliiamini. Kwa miaka tisa hakuna kitabu kilichopitia mikononi mwake kikarudishwa, na ndiyo sababu wakamwita Bwana Prufu.

Miezi minane kabla ya Jumanne hiyo, muuguzi wa zahanati alikuja kiwandani kuzungumza juu ya afya, akagawa fomu ya ukurasa mmoja. Fomu iliuliza: ukifika mahali huwezi kusema, ungependa utendewe nini, na nani aseme kwa niaba yako? Ilihitaji saini ya mwenyewe na saini za mashahidi wawili. Wengi waliipokea kwa ncha za vidole. Mfunga vitabu alisema huko ni kujichuria, akaikunja akaiweka chini ya mguu mfupi wa meza yake. Mkata karatasi, aliyeitwa Kisu, aliikata yake vipande vinne vilivyo sawasawa, akavifanya vya kuandikia namba za simu.

Bwana Prufu aliisoma mara moja, akatikisa kichwa.

"Imeandikwa ovyo. 'Matibabu yasiyo ya lazima.' Ya lazima kwa nani?"

"We weka tiki tu, bwana," Kisu alimwambia. "Nani anasoma sarufi ukiwa umelala chali?"

"Neno likikosewa humu, hakuna chapa ya pili."

Akaenda nyumbani akaandika ya kwake, kurasa mbili. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alimtazama akifuta na kuandika upya tangu walipomaliza kula hadi vyombo vilipokauka.

"Hiyo ni karatasi ya kufa au ni kamusi?"

"Mwalimu, wewe unawafundisha watoto kuchora mstari ulionyooka. Niache na mimi ninyooshe wangu."

"Nyoosha. Ila ukimaliza utie saini, maana mimi ndiye uliyeniandika humo niseme."

Prufu ya kwanza aliisoma wiki hiyohiyo. Ya pili aliisoma mwezi uliofuata, kazini, wakati wa mapumziko. Hapo ndipo alipofika kwenye sentensi hii: "Madaktari wawili wakithibitisha kwamba sitarudi kwenye fahamu, niachwe kwenye mashine kwa muda wa kutosha ndugu zangu waje kuniaga, kisha iondolewe." Aliyazungushia maneno "muda wa kutosha" duara jekundu, na pembeni akaandika: "Siku ngapi?" Siku tatu aliziona chache, kwa kuwa dada yake aliishi mbali. Siku saba aliziona nyingi. Akaziweka kurasa hizo kwenye droo, apate siku yenye utulivu aitafute idadi.

Kisu alikwisha kukubali kuwa shahidi. Mara mbili alikuja mlangoni akijifuta vumbi la karatasi.

"Lete nitie saini, chai inapoa."

"Bado prufu ya tatu."

"Basi mtoa roho akija mwambie akae kwenye benchi, prufu ya tatu haijatoka."

Chumba kizima kilicheka, naye mwenyewe akacheka kuliko wote.

Siku ya tisa baada ya kalamu kuanguka, daktari aliwaita mke na mama mzazi katika chumba kidogo chenye viti vitatu. Aliwaeleza bila kuzunguka: madaktari wawili wamempima, kila mmoja peke yake, na wote wamekubaliana kwamba fahamu hazitarudi. Kinachopumua ni mashine. Mke alifungua mkoba akatoa kurasa mbili ambazo Kisu alizichukua kwenye droo na kuzileta ndani ya jalada safi. Daktari alisoma ukurasa wa kwanza. Kisha akaigeuza karatasi ya mwisho, akaangalia chini, akaangalia nyuma.

"Haina saini."

"Ni mwandiko wake, daktari. Kiwanda kizima kinaujua."

"Sibishi. Lakini bila saini na mashahidi hii ni rasimu, na uamuzi unarudi kwa familia. Familia nayo lazima iwe na kauli moja." Akaweka kidole juu ya duara jekundu. "Na hapa penyewe ameuliza swali."

Mama alikuwa mshonaji, mjane aliyemlea mwanawe kwa cherehani moja. Aliomba aone lile duara. Alilitazama kama anavyotazama mshono anaoutilia shaka.

"Mkwe wangu, mwanangu aliwahi kutia saini kitu asichokiamini?"

"Hapana, mama."

"Na hii hakuitia."

"Alikuwa anangoja prufu ya tatu."

"Basi na sisi tungoje."

Mke alitaka kumsomea ukurasa wa pili. Mama aliinua kiganja. "Niliyoyasikia yananitosha, mwanangu."

Wakangoja. Dada mtu alifika siku ya kumi na moja, akamuaga kaka yake, akarudi kwake; muda aliokuwa akiuulizia mgonjwa ulikuwa umetimia, na hakuna aliyekuwa na karatasi yenye saini ya kuamuru mashine iondolewe. Wiki ya tatu mgongo wa mgonjwa ulianza kufanya vidonda. Wiki ya tano homa ilipanda, ikashuka, ikapanda. Mama alikaa asubuhi, mke akakaa jioni, nao waliachiana kiti bila kuzidisha salamu. Hawakugombana. Walikwepana macho tu, kila mmoja akiamini kwamba yeye ndiye anayemtetea.

Kisu alikuja kila Jumamosi, akasimama mlangoni, hakutania.

"Shemeji," alisema siku moja kwenye ujia, "kalamu nilikuwa nayo mkononi. Ningemlazimisha."

"Mimi nimekaa naye nyumba moja miezi minane tangu ile fomu, shemeji. Nilimkumbusha mara moja."

Siku ya arobaini na moja, saa nane na robo mchana, mgonjwa alikufa kwa nimonia, mashine ikiwa bado inafanya kazi. Wote wawili hawakuwapo. Mama alikuwa ameondoka robo saa kabla, na mke alikuwa njiani anakuja.

Wiki tano baada ya maziko, mama alibisha hodi kwa mkwewe bila taarifa. Alikaa, akakataa chai.

"Nisomee ule ukurasa wa pili."

Mke alisoma polepole, kwa sauti ileile anayowasomea watoto.

"'Mama yangu asiulizwe. Alinilea peke yake, na kila jambo gumu aliliamua peke yake. Hili asibebeshwe. Mke wangu aseme, na lawama zote ziwe zangu.'"

Ukurasa huo haukuwa na alama yoyote nyekundu. Mama aliuchukua akaupitishia kidole toka juu mpaka chini.

"Hapa hakuwa na swali."

"Hakuwa nalo, mama."

"Siku zote zile nimekaa pale nikidhani namlinda." Aliuweka ukurasa mezani. "Na wewe ulitaka kunisomea."

Mke alimmiminia maji, na safari hii mama aliyapokea.

Jumamosi iliyofuata watu watatu walikuwa mezani katika nyumba hiyo: mke, mama na Kisu. Mke, mwenye umri wa miaka ishirini na minane na asiyeumwa popote, alikuwa amekwenda zahanati kuomba fomu ileile ya ukurasa mmoja. Alikuwa ameijaza na kuitia saini kabla wageni hawajakaa.

Kisu aliisoma, akasita katikati. "'Matibabu yasiyo ya lazima.' Marehemu angeilaani sentensi hii."

"Angeilaani. Tia saini, shemeji."

Kisu akatia. Mama alivaa miwani yake ya kushonea, akauliza mahali pa shahidi wa pili ni wapi.

"Mama, kama ungependa uondoke nayo, uisome tena kesho ukiwa umetulia…"

"Lete kalamu."

Alitia saini saa tano kasoro robo asubuhi, akairudisha kalamu mezani, akasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo."