Ngiri Aliyeogopa Kiazi

Paukwa!

Pakawa!

Ah, sauti gani hiyo? Hamkula leo? Nyinyi huko nyuma, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mnasinzia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Leo nina hadithi inayochosha roho, na nimeamua tuchoke wote.

Hapo zamani za kale palikuwa na Ngiri dume, jina lake Kombo. Alikuwa na mke, jina lake Sikudhani. Walikuwa na watoto wadogo, mikia juu, mbio mbio kutwa nzima. Waliishi ndani ya shimo. Shimo lenyewe hawakulichimba wao. Alilichimba muhanga, yule mla mchwa, akahama, wao wakaingia. Ngiri ndivyo walivyo, wanapenda nyumba iliyokwisha kujengwa.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana msipoisikia hamtaelewa kitu. Jua likizama, ngiri huingia ndani. Watoto hutangulia, vichwa mbele, churu churu churu. Mama hufuata. Baba huja mwisho. Na baba haingii kwa kichwa. Anageuka, anaingia kinyumenyume, mkia kwanza. Kichwa kinabaki mlangoni, meno yanatazama nje. Adui akija, anakutana na meno. Kwa ngiri, baba ndiye mlango.

Mmesikia? Baba ndiye nani?

Ndiye mlango!

Basi, mwaka mmoja miti ya porini ilizaa sana. Matunda yakaanguka, pu, pu, pu. Kombo akala. Akala asubuhi, akala mchana, akala akiwa amelala ubavu. Tumbo likashuka mpaka likawa linafagia njia. Jioni moja Fisi akatokea. Watoto wakaingia. Sikudhani akaingia. Kombo akageuka, akatia mkia, akatia miguu, akafika tumboni. Ndi! Amekwama. Nusu ndani, nusu nje. Fisi akamng'ata sikio, kacha! Sikudhani akaushika mkia wa mumewe kwa meno, akavuta, akavuta, mpaka Kombo akaingia kwa kishindo na sikio likabaki pungufu.

Kesho yake Kombo akaapa. "Mke wangu, nitapunguza tumbo hili."

"Na ulipunguze," akasema Sikudhani. "Meno yangu yanauma."

Kombo akaacha matunda. Akala nyasi fupi tu, kidogo kidogo. Akatembea mpaka mtoni, akarudi, akatembea tena. Na kweli, tumbo likaondoka. Sikudhani akafurahi. Akamsifu mbele ya watoto. Sifa zile akaja kuzijutia, mtaona.

Maana Kombo hakuacha. Tumbo limekwisha, yeye bado anakula nyasi kama mgonjwa. Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, yaani kama ngiri angepiga mswaki, alikwenda mlangoni kujipima. Anaingia kinyumenyume, anatoka. Anaingia, anatoka. Kisha anaimba:

"Nimeingia, nimetoka,
mlango haukunigusa!
Nimeingia, nimetoka,
mlango haukunigusa!"

Na Sikudhani, aliyekuwa bado hajafumbua macho vizuri, anasema, "Uuuh! Mungu nipe subira."

Kanga naye akazidi kuharibu mambo. Mnamjua Kanga, hana dogo. Akija asubuhi kuchakura, kwaru kwaru kwaru, anamzunguka Kombo na kusema, "Hee, Kombo! Umekuwa kijana! Kiuno hicho! Mbavu zote naziona!"

"Unaziona?" anauliza Kombo, kichwa kimemvimba.

"Naweza kuzihesabu."

Sikudhani alitamani kumnyonyoa.

Siku moja akamchimbulia mumewe kiazi mwitu. Kiazi kizuri, cheupe ndani, kinatoa maji. Akakiweka mbele yake. "Baba watoto, tumbo limekwisha. Sasa kula upate nguvu. Huna mabega. Huna shingo. Ukipiga chafya unayumba."

Kombo akakinusa kile kiazi. Akakilamba. Akarudi nyuma kama aliyeona nyoka. "Hiki ndicho kilichonifanya nikwame."

"Kilichokufanya ukwame ni matunda ya msimu mzima na usingizi wa msimu mzima. Hiki ni kiazi kimoja!"

"Huanza na kimoja," akasema Kombo, akawapa watoto.

Sikudhani akaenda nyuma ya kichuguu, akapiga kwato chini, tifu, tifu, tifu, mpaka hasira ikapungua. Akarudi. Akamkuta mumewe mlangoni. Anaingia, anatoka. Anaimba nini?

Mlango haukunigusa!

Mnaona? Hata nyinyi mmeshachoka.

Basi siku ile ile Kombo akataka kuwaonyesha watoto namna ya kung'oa mzizi. Akapiga magoti, kama ngiri wanavyopiga magoti wakila. Akatia pua ardhini. Akasukuma. Mzizi haukutikisika. Akasukuma tena. Miguu ikatetemeka, akaanguka kifudifudi, pwaa! Mtoto mmoja akaja, akautikisa mzizi, ukang'oka.

Watoto wakacheka. Kombo akaona haya. "Vizuri," akamwambia mkewe kwa hasira. "Unataka nile? Nitakula!"

Akaenda chini ya miti ya matunda, akala mpaka akashindwa kusimama. Akalala pale pale, fofofo, tangu mchana hadi jioni. Hakuchimba, hakusukuma, hakutembea. Alipoamka tumbo limejaa kama mtungi. Akakimbilia mlangoni, akaingia kinyumenyume, tumbo likagusa.

"Si nilisema!" akapiga kelele. "Si nilisema! Chakula ni adui!" Na toka siku hiyo akapunguza hata zile nyasi.

Nyongo ikampanda Sikudhani. "Kombo! Nilisema kula, sikusema pasuka! Hivi wewe hujui kitu kilichopo katikati?"

Kombo akaendelea kujinyima.

Jioni moja, jua likizama, majani yakasema chaka, chaka, chaka. Fisi. Watoto wakaingia, churu churu churu. Sikudhani akaingia. Kombo akaingia mwisho, kinyumenyume, upesi, bila kugusa popote. Akatoa meno nje, akajiona shujaa.

Fisi akachungulia. Akatazama kushoto kwa Kombo, akaona nafasi. Akatazama kulia, akaona nafasi. Akacheka. "Jamani! Mlango gani huu unaopitisha upepo?"

Akaingiza mkono mmoja pembeni ya bega la Kombo. Kucha zikapita, zikafika ndani, zikamparura mtoto mdogo kuliko wote mgongoni. Mtoto akalia, wiii! Kombo akasukuma, miguu ikatetemeka. Fisi akamshika jino lake refu, akaanza kumvuta nje kama mtu anavyong'oa muhogo. Kombo anakwenda. Anakwenda! Sikudhani, roho juu, akamshika mkia kwa meno, yale yale meno, akavuta. Halafu akaona kuvuta hakutoshi. Akauacha mkia, akaweka kichwa chake nyuma ya mumewe, akamsukuma kwa nguvu zake zote, vuu! Meno ya Kombo yakamchoma Fisi puani. Fisi akaruka nyuma.

Hakukimbia. Alilamba pua, taratibu, akasema, "Mke anamsukuma mume. Sawa. Mvua zikikatika, chakula kikiwa adimu, nitarudi. Mlango wenu naujua sasa."

Akaondoka, anacheka.

Ndani ya shimo mtoto mdogo alikuwa anatoka damu. Sikudhani alimlamba. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mumewe, tangu siku ya kiazi alikuwa anayalimbikiza, na sasa yote yalimtoka kwa mkupuo.

"Siku ulipokuwa mnene, mlango ulikukataa. Leo umekukubali, na Fisi naye umemkubali! Unajua mlango ni wa nini, Kombo? Unafikiri ni wa kukupima kiuno? Nimechoka. Nimechoka na nyimbo zako, nimechoka na Kanga wako. Fisi akirudi, mimi nitawashika hawa watoto, sitakushika mkia."

Kombo akatazama mgongo wa mwanawe. Akainamisha kichwa. "Nikila, nitanenepa," akasema, na safari hii sauti ilikuwa ndogo. "Mke wangu, naogopa. Uliniona nilivyokwama."

Sikudhani akamtazama. Hasira haikwisha, lakini ilikaa pembeni kidogo.

"Ogopa," akasema, "lakini kula."

Asubuhi akampa nyasi zake za kila siku na kiazi kimoja juu yake. Kimoja tu. Kombo akakila huku amefumba macho. Kisha Sikudhani akampeleka kwenye ardhi ngumu karibu na kichuguu. "Chimba." Akachimba, kwaru kwaru. "Sukuma gogo hili." Akasukuma. Chini ya gogo palikuwa na mabuu manene meupe. "Kula." Akala. "Sasa lala." Akalala.

Alipokizoea kiazi kile, akampa kingine. Alipozoea gogo lile, akampa kubwa zaidi. Hakuna siku aliyompa chungu nzima, na hakuna siku aliyomwacha alale bila kuchimba. Na msidhani Kombo alikwenda kimya kimya. Alilalamika kiazi kikiingia, alilalamika gogo likisogea. "Mbona kingine tena? Cha jana hakikutosha?" Na Kanga alipita, akapiga kelele, "Hee, Kombo, mbona unajiachia hivyo! Mbavu zimekwenda wapi?" Sikudhani akamrushia donge la udongo, Kanga akaruka, prrr!

Asubuhi moja Sikudhani akasikia yowe. Akatoka mbio. Kombo yuko mlangoni, macho yamemtoka.

"Umenigusa! Mlango umenigusa! Nimekwisha!"

"Umekugusa wapi?"

"Hapa na hapa!"

"Hapo ni wapi, Kombo?"

Kombo akajitazama. "Mabegani."

"Na tumboni?"

Akasitasita. "Tumboni... kidogo."

"Kidogo si kitu. Umekwama?"

"Sikukwama."

"Basi nyamaza, kiazi chako kinakungoja."

Mvua zikakatika. Nyasi zikakauka. Jioni moja majani yakasema chaka, chaka, chaka. Watoto wakaingia, churu churu churu. Sikudhani akaingia, akawakusanya wote chini ya tumbo lake, yule mwenye kovu karibu zaidi. Alikuwa amesema hatashika mkia, na hakuushika. Alifumba macho tu.

Kombo akageuka. Akaingia kinyumenyume. Mkia ukaingia, miguu ikaingia, tumbo likaingia. Mabega yakafika mlangoni. Ndi! Mwanga wote ukazimika ndani ya shimo.

Fisi akaja anacheka. Akatazama kushoto. Hakuna nafasi. Akatazama kulia. Hakuna nafasi. Akajaribu kuingiza ukucha, ukakutana na bega. Akamshika Kombo jino, akavuta. Kombo hakwenda. Akavuta tena, kwato za Kombo zikazama ardhini. Halafu Kombo akasukuma, peke yake, kama anavyosukuma gogo. Vuu! Fisi akaruka hewani, akaangukia kwenye miiba, kacha kacha kacha! Akaondoka anachechemea, na safari hii hakucheka wala hakuaga.

Ndani, Sikudhani akafumbua macho. Giza tupu. Hakuna hata tundu la kupitisha upepo. Ndipo akalala, yeye na watoto, usingizi ambao hakuwa ameupata tangu Fisi alipoahidi kurudi.

Asubuhi akasikia Kombo anaimba nje. Akaziba masikio kwa mazoea. Kisha akayazibua.

"Nimeingia, nimekaa,
mlango umenigusa!
Nimeingia, nimekaa,
mlango umenigusa!"

"Uuuh," akasema Sikudhani. "Sasa ataimba hii mpaka lini?"

Lakini alitoka, akapiga magoti, akamchimbulia kiazi. Na Kombo akakila macho wazi, akauliza kama kuna kingine.

Mafunzo ya hadithi hii ni haya, na nayasema wazi ili asiwepo wa kuniuliza kesho. Kupungua kuna wakati wake, na kujijenga kuna wakati wake. Ukishapungua, usiendelee kujinyima kwa sababu mtu fulani amezisifu mbavu zako. Ongeza chakula, lakini kidogo kidogo, na ukiongeza chakula ongeza na kazi. Mwili si wa kutazamwa tu, kuna watu nyuma yako wanaoutegemea.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Kombo. Fisi yuko nje, watoto wako ndani, chakula kiko jikoni. Nendeni mkale.