Sanduku la Vifaa la Marehemu Lutufyo

Sogeeni hapa. Kisa hiki sina jibu lake, na nimechoka kulitafuta peke yangu, ndiyo maana nimewaita.

Palikuwa na vijana watatu waliojifunza kutengeneza kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi huko Rungwe. Ambakisye alikuwa na pua. Akiinamia mashine iliyokufa, alijua kilichoungua kabla hajashika bisibisi.

Atuganile alikuwa na masikio. Kompyuta ikiugua hulia milio, na yeye aliitofautisha kama mama anavyotofautisha kilio cha njaa na cha usingizi.

Sekela hakuwa na pua wala masikio ya kusifiwa. Alikuwa na swali moja, na alilipata kwa ubaya. Mwaka wa kwanza alimfutia mzee mmoja kompyuta nzima, picha za marehemu mkewe zikaenda humohumo. Mzee wa watu hakugomba. Alisema asante, akabeba kompyuta yake akaondoka. Tangu hapo Sekela hagusi mashine ya mtu kabla ya kuuliza, "Humu ndani kuna nini unachokihitaji?" Wenzake walimwita Bi Maswali.

Sasa, pale chuoni vifaa ni vya chuo. Ukihitimu unaviacha mezani, unarudi kwenu na cheti na mikono mitupu. Na fundi asiye na vifaa nani atampa kazi? Wote watatu walikuwa wanahitimu Ijumaa, na hakuna aliyekuwa na hata bisibisi moja.

Jumatatu ya wiki hiyo akaja Mama Lutufyo na kompyuta kaifunga kwenye kitenge. Ilikuwa ya mwanawe, fundi aliyesoma chuo hichohicho, aliyefariki mwaka uliopita.

"Haiwaki," alisema, akakaa kwenye benchi.

Ambakisye akainama, akanusa. "Pawa saplai imeungua, umeme hauingii." Akafungua, akachomoa nyingine kwenye mabovu ya stoo, akaifunga. Feni ikazunguka.

Lakini kioo kikabaki cheusi, na mashine ikalia mara tatu. "Hiyo ni ramu," akasema Atuganile. Akaichomoa ile kadi ya kumbukumbu, akaisugua meno yake kwa raba ya kufutia penseli, akairudisha. Kioo kikawaka.

Hata hivyo ikagoma kufunguka, na diski ikawa inagonga ndani kwa ndani. Mwalimu wao, Mwalimu Mwaisumo, akapita akasema dawa ileile ya siku zote pale karakana: "Pigeni windo, mama aende nyumbani." Kupiga windo ni kufuta kila kitu na kuweka programu upya. Ambakisye na Atuganile wakakubali. Ambakisye alishaishika CD.

Sekela akaweka kiganja juu ya mashine. "Mama, humu ndani kuna nini unachokihitaji?"

"Kuna sauti ya mwanangu," mama akashangaa. "Nilidhani mnajua. Nyie si ndio mafundi?"

Basi Sekela akaichomoa diski, akaiunga kwenye kompyuta nyingine, akanakili kilichonakilika. Saa moja baadaye diski ilikufa kabisa, haikuamka tena. Wakafungua faili moja. Lutufyo alikuwa akijaribu maikrofoni: "Moja, mbili, tatu. Mama, punguza redio, narekodi."

"Nimepunguza, baba," mama akajibu. Akalia mpaka mwalimu akatoka nje.

Ijumaa alirudi na sanduku la chuma. Bisibisi, mita ya umeme, koleo, kila kitu cha Lutufyo, na jina lake limekwaruzwa kwenye kifuniko. "Nampa aliyenirudishia sauti yake. Ni nani?"

"Bila mimi isingewaka," alisema Ambakisye.

"Ikawaka halafu mkaona nini? Giza!" Atuganile akamjia juu.

"Nyie mlitaka kuifuta," alisema Sekela polepole.

"Na wewe?" Atuganile akamgeukia. "Uliyempotezea mzee picha za mkewe! Leo ndiyo unajifanya mtakatifu?"

Wale watu walikula sahani moja miaka miwili, jamani, na tangu neno lile hawasalimiani mpaka leo. Inaniuma kulisimulia.

Mama akamgeukia mwalimu aamue. Mwalimu akatazama sakafu. "Mimi ndiye niliyesema pigeni windo, mama. Sina uso wa kuamua."

Msiniambie wagawane. Ambakisye alilisema hilo, mama akakataa. "Mwanangu nilishamgawia udongo, inatosha. Vifaa vyake vitakaa pamoja, kwa mtu mmoja, au nitavirudisha nyumbani vikaote kutu."

Haya. Tuseme mama bado amesimama, mkono uko kwenye mpini wa sanduku, na watatu hawa wanakwepana macho. Wewe uliyekaa hapo, ungesema apewe nani? Na wale wawili wengine, ungewaambia nini?