Fundi Baiskeli na Udhu Usiokwisha

Ndugu zangu, msikimbilie viatu bado. Maneno yangu leo ni machache, na sidhani yatawafurahisha.

Palikuwa na fundi baiskeli mmoja, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mwenye banda lake karibu na soko. Mikono hodari, maneno haba. Mnaijua kazi ile: mnyororo una grisi, na grisi inaingia ndani ya kucha. Siku moja akasikia kwenye darsa kwamba kitu kinachozuia maji yasifike kwenye ngozi kinaharibu udhu. Wote waliokuwepo walisikia, wakaenda zao nyumbani kula. Yeye neno lile halikumtoka. Akaanza kusugua kucha kwa mswaki. Kisha vidole, mara tatu, mara kumi. Kisha viwiko. Akifika miguuni anajiuliza: hivi uso niliuosha kweli? Anaanza upya. Udhu wa dakika mbili ukawa wa nusu saa, nusu saa ikawa saa nzima. Mwishowe akalifunga banda kwa kuiogopa hiyo grisi, na mkewe akaanza kuuza maandazi ili watoto wapate kula.

Na waumini wa msikiti ule walifanya nini? Walimsifu. "Mtu yule ana ucha Mungu, jamani, tungekuwa wote kama yeye." Wakamtengea bomba lake la mwisho kule pembeni ili asisumbuliwe. Imamu akawa anachelewesha kukimu swala, anamngoja. Naye kila mara anamgeukia jirani: "Umeona? Maji yamefika hapa?" Jirani, mtu mwema, anamjibu kwa upole: "Yamefika, sheikh wangu." Fundi anatulia dakika moja, kisha anauliza tena. Mtu anazama, na watu wema wamesimama ukingoni wanamwongezea maji.

Sasa, alikuwa na mama yake, bibi mzee ambaye moyo wake ulikuwa umeshachoka. Mtoto wa kiume alikuwa huyo mmoja tu. Siku moja yule mama akamwita kitandani.

"Mwanangu, nikifa uniswalie wewe. Usimwachie imamu."

"Mama, usiseme maneno hayo."

"Nayasema kwa sababu nakujua. Swala ya maiti haina rukuu wala sijida. Ni takbira nne tu. Zitakwisha wewe ungali bombani."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Siku ya pili yake akapanda basi mpaka hospitali ya mkoa, kwa daktari wa maradhi ya akili. Akamwambia mkewe, ukiulizwa na watu sema amekwenda kupima presha. Daktari alikuwa mwanamke. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia:

"Kaka yangu, huo si ucha Mungu. Hayo ni maradhi, na yanatibika. Ila dawa yake ni ngumu. Utatia udhu mara moja, kama ulivyofundishwa, halafu utafunga bomba na kuondoka. Shaka itakuja. Iache ije. Utaswali nayo."

"Daktari, unaniambia nisimame mbele ya Mola wangu sina udhu?"

"Nakuambia usimame ukiwa hujui kama unao. Anayejua ni Yeye."

"Na kama haukutimia?"

"Swali hilo ndilo maradhi yenyewe. Sitakujibu."

Alitoka pale amemkasirikia. Zikapita wiki tatu hajaanza. Naona wengine mnatabasamu, mnaona jambo dogo hili. Wewe ukiogopa mbwa, unaogopa kung'atwa. Mwenzako alikuwa anaogopa moto wa Jahannamu, na anaambiwa ausogelee kwa miguu yake mwenyewe. Nani kati yetu angethubutu?

Basi Jumatatu moja, adhuhuri, akathubutu. Akaosha kila kiungo, akafunga bomba, akaondoka. Jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, nafsi inamwambia rudi, rudi, rudi. Hakurudi. Akasimama safu ya nyuma kabisa. Imamu akatoa salamu, na fundi akajikuta bado mzima. Kesho yake akafanya vilevile. Siku tano mfululizo. Yule mama alipoambiwa aliomba uji, akanywa bakuli zima.

Siku ya sita anatoka bombani, na pale barazani yupo bwana mmoja mpenda mizaha, kanzu yake imepigwa pasi vizuri. Akamwambia mbele ya watu: "Fundi, leo upesi hivi? Umetia udhu kweli, au umejipangusa tu?"

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka. Kisha akageuka, akarudi bombani. Swala ile ikampita, na nyingine nyingi zilizofuata.

Aliyesema neno lile hakuwa mtu mbaya. Ukimwuliza leo, hakumbuki hata kama alisema.

Haukupita mwezi, yule mama akafariki, Jumanne, alfajiri. Jeneza likaletwa msikitini baada ya alasiri. Fundi alikuwa ameingia bombani hata kabla ya adhana, makusudi, ili awahi. Imamu akatuma mtu. Jibu likatoka ndani: "Naja, bado kiwiko cha kushoto." Akatuma wa pili. "Naja." Maiti hacheleweshwi, kaburi limeshachimbwa, jua linashuka. Imamu akasimama mwenyewe akamswalia, takbira nne, zikaisha kama yule mama alivyosema. Fundi alipotokeza, mikono inachuruzika maji, jeneza lilikuwa limeshavuka mlango. Wakampa pole. Wakamwambia, "Mungu anajua nia yako, udhu wako ni wa kupigiwa mfano." Siku ile. Nyuma ya jeneza la mama yake, bado walikuwa wanamsifu.

Najua waliosoma kati yenu mnasema moyoni: si angemswalia kaburini, mbona inafaa? Inafaa. Alikwenda kesho yake na dumu la lita ishirini. Maji yote yaliishia mchangani kando ya kaburi, naye akarudi nyumbani hajaswali.

Akapanda basi tena mpaka kwa daktari. Safari hii hakuuliza mengi. Daktari akamwambia, "Nenda na chupa ya nusu lita. Yakiisha, yameisha." Ndugu zangu, tumefundishwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia udhu kwa kibaba kimoja cha maji. Tunalijua hilo tangu chuo cha Kurani. Kwa nini fundi alilisikia kwa daktari na si kwetu?

Akaenda makaburini asubuhi, peke yake. Akaosha uso, mikono, akapaka maji kichwani, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Chupa ikaisha. Kisigino kile, kimelowa au hakikulowa? Alikitazama sana. Hakujua. Bomba la karibu lilikuwa mwendo wa nusu saa, na miguu ilishaanza kuelekea huko. Akaizuia. Akasimama mbele ya mama yake, akapiga takbira ya kwanza. Nafsi ikamwambia, huna udhu wewe, unamdhihaki Mungu juu ya kaburi la mzazi wako. Akapiga ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akatoa salamu. Hakuwa na hakika wakati anaanza, na hakuwa na hakika alipomaliza. Alimswalia hivyo hivyo. Kisha akakaa chini akalia, kwa sababu alikuwa amechelewa, na alijua kwamba amechelewa.

Sasa niambieni, aliwezaje? Mmoja atasema, ni mapenzi ya mama. Mwingine atasema, ni subira. Lakini hata ile Jumanne alikuwa anampenda mama yake. Aliweza kwa sababu kule makaburini hakukuwa na hata mmoja wetu. Hakukuwa na wa kumsifu, wala wa kumngoja, wala wa kumwambia yamefika, wala wa kumtania. Maiti walinyamaza, wakamfaa kuliko sisi tulio hai.

Msitazamane. Fundi huyu nimemtunga, hamumjui. Lakini kila msikiti una mtu ambaye swala inamkuta bombani, na nyumba nyingi zina mtu anayerudi mara saba kukagua mlango aliokwisha kuufunga. Hata mimi nimewahi kumsifu mtu wa namna hiyo, nikiwa hapa hapa nilipokaa. Nilidhani nahimiza usafi. Kama yumo humu ndani, namwomba radhi mbele yenu.

Na wewe unayesikia maneno haya huku unaficha mikono iliyochubuka, sikia. Usingoje ushujaa uje kwanza ndipo uanze. Hauji. Utaanza ukiwa unatetemeka. Hospitali ipo, nenda wiki hii, kabla hujaitiwa jeneza la mtu wako.

Na sisi tuliobaki, hapa swala itakimiwa kwa wakati wake, hatumngoji mtu. Atakapoingia kutoka bombani, matone yanamdondoka, macho yanakuuliza kama udhu wake umetimia, usimjibu. Usimsifu, usimtanie, usimpe pole. Sogea apate pa kusimama, halafu tazama mbele.