Kwa Nini Mwili Hushtuka Kabla Akili Haijajua

Zamani zile, wanyama na watu walipokuwa bado wanasikilizana, binadamu hakuwa na mshtuko. Jambo lolote lililomfika lilipita kwanza akilini. Jiwe likiporomoka mlimani, alilitazama likija, akapima ukubwa wake, akajiuliza litapita wapi, ndipo akasogea. Mara nyingi alikuwa amechelewa. Watu walikufa hivyo, wametulia tuli, na waliobaki waliwazika wakidhani ndivyo maisha yalivyo.

Katika milima hiyo aliishi mwanamke aitwaye Namkunda, pamoja na mumewe Sembuche na binti yao mdogo, Naetwe. Asubuhi moja mume na mke walikuwa wakipalilia shamba la kunde. Sembuche alipoinama kung'oa gugu, swila akainuka mbele yake, shingo ameitanua.

"Namkunda," Sembuche akasema, kwa sauti ile ile aliyoizoea ya kuombea maji, "huu si mzizi. Una macho."

Namkunda akasimama na jembe lake mkononi, akimkagua yule nyoka: rangi yake, urefu wake, namna alivyokuwa akiyumba. Hakuwa amemaliza kukagua wakati mumewe alipoanguka.

Sembuche hakuiona jioni. Namkunda aliliangalia jembe. Mpini wake ulikuwa mrefu, ungemfikia yule nyoka bila shida, na alikuwa ameushika muda wote. Akakaa kitako juu ya matuta.

Walipokwisha kuzika, alipanda kichakani kwa digidigi, yule mnyama mdogo mwenye miguu kama vijiti, ambaye chui anamtamani tangu dunia ianze na hajammaliza.

"Mwenzangu," akamwuliza, "wewe unaponaje?"

"Sisubiri kujua," digidigi akajibu. "Jani likichakacha, miguu imeshaondoka. Mimi mwenyewe huja kujua baadaye nilikuwa nakimbia nini."

"Nigawie hicho, tafadhali. Nimebaki na mtoto mmoja tu."

Digidigi akamwonea huruma. Akasogeza pua yake nyevu nyuma ya sikio la Namkunda, akapuliza. Mshtuko ukaingia, mdogo kama punje, ukajikita ndani kabisa ya kichwa. "Sasa kaa," digidigi akasema, "nikuonyeshe na namna ya..."

Tawi likavunjika msituni, na Namkunda hakuwepo tena. Alikuwa ameshuka nusu ya mlima kabla hajajua kwamba anakimbia.

Kijijini mshtuko ukaambukiza. Aliyeshtuka alimshtua jirani, jirani akawashtua watoto wake, hata ukaenea nyumba zote. Mwanzoni watu walishangilia. Mawe yaliporomoka yasimkute mtu, nyati alivamia shamba akalikuta tupu. Kisha shangwe ikaisha, kwa maana mshtuko haukujua kuondoka. Aliyekimbia radi aliendelea kukimbia hata jua lilipotoka. Mbuzi akipiga chafya, vyungu vilimwagika. Mikono ilitetemeka isiweze kushika mwiko. Watu wakakonda, wakawa wanatazamana kwa pembe ya jicho, kila mmoja akingoja mwenzake amrukie.

Siku moja Namkunda aliponyokwa na kibuyu, kikapasuka sakafuni. Naetwe, aliyekuwa akicheza mlangoni, akachomoka mbio kuelekea gengeni, mahali ambapo ardhi hukatika ghafla.

"Naetwe! Simama! Simama!"

Kadiri mama alivyopiga kelele ndivyo mtoto alivyozidi kukimbia, kwa kuwa sasa aliikimbia ile sauti. Namkunda akaidaka nguo yake ukingoni kabisa. Changarawe zikamwagika chini, na haikusikika zilikoangukia. Hata hivyo mtoto hakutulia. Alipigana, akamng'ata mama yake mikono. Hakuwa akimtambua. Namkunda akapigwa na butwaa: mtoto wa tumbo lake alikuwa akimtazama kama anavyotazamwa mnyama mkali.

Akamfunga mgongoni kwa mbeleko, akapanda tena kichakani. Digidigi alipowaona tu, akaruka akatoweka. Lakini mbali kidogo akasimama. Akageuka. Akawatazama vizuri. Ngozi yake ikatikisika kuanzia shingoni hadi mkiani, akashusha pumzi ndefu, akarudi kula majani.

"Umeacha kuogopa? Hivi hivi?" Namkunda akauliza, asiamini macho yake.

"Nimegeuka nikaona ni ninyi. Mshtuko hauna macho, mama. Hufika wa kwanza, lakini ni lazima uuambie ulichokiona. Na uuambie kwa pumzi, maana maneno peke yake hauyasikii. Uliondoka kabla sijakuonyesha."

Namkunda akamfungua Naetwe, akamkumbatia kifuani. Moyo wake mwenyewe ulikuwa ukigonga kwa nguvu. Akavuta pumzi, akaitoa taratibu sana. Akavuta tena, akaitoa, mpaka moyo ukapunguza mwendo. Mtoto akaanza kutetemeka mwili mzima, kisha kidogo kidogo kifua chake kikaufuata mwendo wa kifua cha mama.

"Kilikuwa kibuyu," Namkunda akamnong'oneza. "Kibuyu kimeanguka, mwanangu. Basi."

Naetwe akainua uso, akamtazama muda mrefu. "Mama," akasema, kama mtu anayemwona mwenzake akirudi kutoka safari ya mbali.

Waliporudi nyumbani, Namkunda aliwafundisha wengine. Wapo walioshika upesi. Wapo pia walioona mengi mno, ambao mshtuko wao ulikataa kusikia, na hao ilibidi watu wakae nao, siku baada ya siku, mpaka nao wakaweza kugeuka na kutazama.

Na tangu siku hiyo mwili wa binadamu huruka kwanza, akili ikaja nyuma yake ikihema. Ndiyo maana mtu huachia pumzi ndefu akishaona kwamba hatari imepita, bila kuambiwa na yeyote. Na ndiyo maana mtoto aliyeshtuka hatulii kwa kufokewa. Hubebwa kwanza, akawekwa kifuani mwa mtu ambaye moyo wake umekwisha kutulia.